Tupeane uzoefu: mabango ya kampeni Mtwara na Lindi, yafungwe wapi na kwa nini yanadondoka

Mchoma Mianzi
Bango linafungwa asubuhi, jioni liko mtaroni. Wenye kazi hii tuambizane. Naanza na ruhusa: nyumba ya mtu anaruhusu mwenye nyumba, si mpangaji wa chumba cha mbele. Iandikwe, isainiwe, mtendaji wa mtaa awe shahidi. Shule, zahanati, msikiti, kanisa, acha kabisa.

Binti Chikongola
Kweli tupu. Ongeza alama za barabarani na nguzo za umeme. Barabara kuu, hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati, kila upande; humo nako acha.

Fundi Turubai, Lindi
Hiyo ya nguzo isemwe kwa sauti. Kuna bango la mita 6 lilivutwa nguzo hadi nguzo kwa waya wa kufungia nondo. Kusi likavuma, turubai likajaa kama tanga, waya ukakatika upande mmoja ukarukia laini ya umeme. Cheche zikamwagikia meza za wauza samaki, mtaa giza mpaka usiku. Hakufa mtu, alhamdulillahi.
Tumieni kamba ya manila. Ringi za kupitishia kamba ziachane nusu mita na zote zifungwe, si pembe nne tu. Pembe za chini fungia mpira wa tyubu ya baiskeli: upepo ukija unavutika, turubai halichaniki.

Binti Chikongola
Laini kubwa au ya majumbani?

Fundi Turubai, Lindi
Ya majumbani. Ingekuwa kubwa tungezika.

Mwana Newala
Toboeni matundu upepo upite, yatosha.

Fundi Turubai, Lindi
Usiwapoteze watu. Tundu lisiloshonwa ukingo ndipo mpasuko unapoanzia.

Mwana Newala
Mkato wa nusu mwezi hauchaniki upesi! Unaochanika ni wa msalaba.

Mama Nachingwea
Wanangu, na karatasi za ukutani je? Gundi yake ni kikombe cha unga wa muhogo kwa vitano vya maji. Ukoroge kwanza kwa maji baridi, kisha mimina kwenye maji yanayochemka, koroga mpaka ung'ae. Paka ukuta, bandika, paka tena juu. Ukuta wa udongo ufagie kwanza, la sivyo karatasi inabanduka na vumbi lake. Adui ni mbuzi, wanailamba yote.

Kijana wa Masasi
Tia mrututu, mbuzi hagusi.

Mama Nachingwea
Mrututu ni sumu! Mbuzi wa watu akifa utalipa wewe? Bandika juu asikofika hata akisimama kwa miguu ya nyuma.

Mkulima Tandahimba
Nawaombeni, misumari kwenye mikorosho hapana. Kampeni zinaangukia wakati mti umebeba. Kidonda kinatoa utomvu, wadudu wanaingia. Kamba, tena kwa ruhusa.

Mzee wa Kata
Siku ya kura, ndani ya mita 200 za jengo la kupigia kura pasiwe na bango, picha, kofia wala kanga ya chama. Zinapimwa moja kwa moja, si kwa kufuata njia; ukizunguka uzio wa shule utajidanganya umefika mbali. Orodha ya vituo ikitoka, pita na futi ya mita 50. La chama kingine usiling'oe: piga picha, andika malalamiko, mpelekee msimamizi wa uchaguzi.

Binti Chikongola
Ahsante mzee. Na mianzi ya kusimamishia bango kwenye mchanga wa Shangani, Mtwara, shimo kiasi gani?

Mchoma Mianzi
Nusu mita haitoshi, dada. Chimba robo tatu, shindilia mawe ya matumbawe pande zote.