Tupeane uzoefu: nyumba inayopakana na shule, faida na hasara zake

Mwanzisha mada

Wakuu salaam. Nyumba iliyopakana na shule huuzwa kwa sentensi moja tu: "shule iko hapo hapo, watoto hawatapata shida." Ni kweli, lakini mnunuzi anahitaji zaidi ya hapo. Naomba wanaojua ujenzi, upimaji, upangishaji na uendeshaji wa shule walete vipimo. Ukisema kuna kelele, sema ni za saa ngapi, zinatokea upande gani na zinazuiliwaje.

Naanza na la msingi. Shule ina pande: upande wa geti, wa uwanja, wa jiko, wa vyoo, wa madarasa, wa ofisi. Nyumba iliyo mita 15 nyuma ya maktaba yaweza kuwa tulivu kuliko iliyo mita 80 kutoka getini. Kabla ya kujadili bei, chukua picha ya satelaiti ya eneo, chora mpaka wa kiwanja unachotaka kununua, halafu andika kila jengo la shule ni la nini. Kisha zunguka kwa miguu uthibitishe. Kipande kitupu cha ardhi ndani ya uzio wa shule kitilie alama nyekundu, maana hapo ndipo madarasa mapya, bweni au vyoo vitajengwa.

Mchangiaji 2

Naongezea ratiba. Wauzaji wengi huonyesha nyumba za namna hii wakati wa likizo au saa za masomo, palipotulia. Nenda mara sita, wiki ya masomo:

Siku ya kwanza ya wiki asubuhi, fika nusu saa kabla ya kengele na ukae hadi paredi iishe. Nenda tena wakati wa mapumziko, kisha saa ya kutoka. Ya nne ni Jumamosi au Jumapili, maana kumbi na viwanja vya shule hukodishwa kwa sherehe, ibada na mechi. Ya tano ni saa mbili hadi nne usiku kama ni shule ya bweni, kwa ajili ya masomo ya usiku na jenereta. Ya sita ni wakati mvua kubwa inanyesha. Hii ya mwisho wengi hawaifanyi, na ndiyo yenye hasara ya fedha nyingi kuliko zote.

Muulize mlinzi wa getini au jirani anayepakana na shule maswali matatu: kengele ya kwanza inalia saa ngapi, vipaza sauti vimeelekezwa wapi, na ukumbi unakodishwa mara ngapi kwa mwezi.

Mchangiaji 3 (maji ya mvua)

Nashikilia hapo hapo kwenye mvua. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Chukua jengo la madarasa lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 8: paa lake ni mita za mraba 320. Mvua ya milimita 50 inalimwagia lita 16,000, na karibu zote hushuka, kwa kuwa bati halinywi maji. Shule ina majengo kama hayo kadhaa, na uwanja uliokanyagwa na mamia ya miguu kila siku umeshindiliwa, haunyonyi kama bustani. Kiwanja chako kikiwa chini ya shule, maji hayo yote yanakutafuta wewe.

Angalia mambo haya: michirizi ya tope kwenye ukuta wa mpakani, plasta iliyobanduka kuanzia chini, msingi wa ukuta uliochimbika, rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu. Hiyo ya mwisho ichunguze sana. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kitu kitupu, imeachana na tofali, na unyevu ni sababu ya kawaida.

Kosa la kawaida la kutibu tatizo hili ni kujenga ukuta mzito bila matundu. Maji yanajikusanya nyuma yake, udongo unalainika, na ukuta unaangukia ndani kwako. Unaacha matundu ya kutolea maji chini ya ukuta na unachimba mtaro upande wako wenye mteremko usiokatika hadi kwenye mfereji wa barabara. Kushuka sentimita 1 kwa kila mita 1 ya urefu ndiyo iwe kiwango cha chini. Kabla ya kununua hakikisha mfereji huo upo na uko chini kuliko kiwanja. Kama hakuna pa kuyapeleka maji, mimi ningeshauri uache.

Mchangiaji 4

Vyoo pia. Kama nyumba inatumia kisima na shule ina vyoo vya shimo, pima umbali. Kipimo kinachotumika sana ni angalau mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya kina cha maji ya ardhini. Kwenye mwamba wenye nyufa hata mita 30 hazitoshi. Peleka sampuli maabara kupima bakteria wa kinyesi, E. koli, kwa maji ya kunywa kiwango kinachokubalika ni sifuri katika mililita 100. Chukua sampuli baada ya mvua, wakati uchafuzi unaonekana zaidi.

Mchangiaji 5 (fundi, kelele)

Nizungumzie kelele kwa vipimo, kwa sababu watu hupoteza fedha nyingi kwa tiba zisizofanya kazi.

Mahali pa wazi, sauti inayotoka sehemu moja kama kipaza sauti hupungua desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu. Kutoka mita 10 hadi 20 unapata desibeli 6, hadi 40 unapata 12. Sikio huhisi pungufu ya desibeli 10 kama sauti imebaki nusu. Watoto waliotapakaa uwanja mzima ni chanzo kipana, hivyo sauti yao hupungua polepole zaidi ukiwa karibu.

Ukuta wa uzio unasaidia pale tu unapokata mstari wa macho kati ya kinachopiga kelele na dirisha lako. Ukiukata kwa kidogo unapata desibeli 5 hivi. Ghorofa ya juu inayoona uwanja haipati chochote kutoka kwenye ukuta wa mita 2. Na ukuta uwe mzito, usio na upenyo; uzio wa nyavu au mabati yaliyolegea hauhesabiki.

Miti michache haizuii sauti. Inahitajika vichaka vizito vya makumi ya mita ndipo usikie tofauti. Panda kwa ajili ya vumbi na faragha, hapo miti inafanya kazi nzuri sana.

Ndani ya nyumba, udhaifu ni dirisha. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta pande zote mbili unazuia sauti vizuri kuliko dirisha la kioo kimoja chembamba. Na upenyo ndio adui mkubwa: ukuta wowote, hata uwe mnene kiasi gani, ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Ndiyo maana madirisha ya luva ni mabaya kwa nyumba kama hii. Fanya kwa mpangilio huu:

1. Ziba kwanza nafasi kati ya fremu na ukuta, na matundu ya hewa ya upande wa shule. Tumia silikoni au chokaa ya saruji. Povu laini peke yake ni jepesi mno.
2. Weka mpira wa kuzibia kwenye kila dirisha linalofunguka, ubanwe pande zote nne.
3. Ndipo ufikirie kioo. Kioo kinene chenye tabaka la plastiki katikati ni bora kuliko cha kawaida cha unene huo huo. Ukiweka dirisha la pili kwa ndani, acha nafasi ya milimita 100 au zaidi kati yake na la kwanza, na unene wa vioo utofautiane, kwa mfano milimita 4 na 6, ili visitetemeke kwa pamoja. Kioo maradufu cha kiwandani chenye nafasi ya milimita 12 kimetengenezwa kwa ajili ya joto na baridi, kwa kelele faida yake ni ndogo.
4. Dari. Bati lisilo na dari na uwazi wa chini ya paa huingiza sauti yote uliyoizuia dirishani.

Ukishafunga upande wa shule, hewa iingie upande wa pili. Hilo lisipowezekana, utafungua madirisha siku ya kwanza ya joto na fedha yote imepotea.

Mchangiaji 6

Mkuu, kwa anayefanya kazi usiku na kulala mchana, kuna tiba?

Mchangiaji 5

Chumba cha kulala kiwe upande wa mbali na shule. Hiyo inashinda kioo chochote, kwa sababu nyumba yenyewe inakuwa kizuizi. Upande wa shule weka jiko, bafu, stoo, ngazi au korido. Kama ramani ya nyumba hairuhusu mabadiliko hayo, na analala saa za masomo, asinunue. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataja kikomo cha desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala. Kufika hapo karibu na uwanja wa mapumziko ni kazi kubwa.

Kupima, programu ya simu inatosha kulinganisha chumba na chumba au saa na saa, ila usiichukue kama kipimo rasmi. Pima wastani wa dakika 15, usichukue namba ya juu iliyopita mara moja.

Mchangiaji 7 (geti na barabara)

Upande wa geti la shule una shida mbili ndani ya nusu saa moja asubuhi na nyingine jioni: kuziba na usalama.

Kuziba: magari ya wazazi husimama popote. Ukipata nafasi ya kurekebisha, rudisha geti lako ndani mita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa barabara. Gari dogo lina urefu wa mita 4 hadi 5, hivyo linasubiri geti lifunguke bila kubaki barabarani. Geti la kusukuma pembeni ni bora kuliko la kufungukia nje.

Usalama ni jambo zito zaidi. Usitoke kinyumenyume saa ambazo watoto wanapita. Mtoto mdogo hayuko kwenye kioo chako cha nyuma. Ingiza gari kinyumenyume jioni, kabla au baada ya msongamano, asubuhi utoke ukitazama mbele. Hii inadai nafasi ya kugeuzia ndani ya kiwanja. Ipime kabla ya kununua. Punguza ukuta uwe chini ya mita 1, au weka nondo, mita 2 kila upande wa geti, ili dereva amwone anayekuja na anayekuja amwone dereva.

Faida ipo: mbele ya shule mara nyingi kuna matuta, vivuko na mwendo mdogo. Lakini tuta lililo mbele ya dirisha lako lina breki za malori na mtikisiko. Heri liwe mita 50 mbali.

Mchangiaji 8 (mipaka)

Wakuu, msidharau mpaka. Kama jirani ni shule ya umma, mgogoro wa ardhi haumalizwi kwa kukaa na mwenye kiwanja mkaelewana, kwa sababu mwalimu mkuu hana mamlaka ya kugawa ardhi hiyo. Barua yake ya kuruhusu uzio uingie hatua tatu haina nguvu.

Mchukue mpima aliyesajiliwa, umlipe wewe mwenyewe badala ya muuzaji. Atafute mawe ya mpaka yote, apime kila upande na kulinganisha na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, siyo nakala ya muuzaji. Kona zinazogusa shule apime mara mbili. Kisha ulizia mpango wa matumizi ya ardhi: shule inaruhusiwa kujenga ghorofa ngapi, na umbali gani kutoka mpakani?

Angalia pia njia ya mkato. Kama wanafunzi wamepita kiwanjani miaka mingi, katika sheria za nchi nyingi matumizi hayo yaweza kuzaa haki ya njia. Njia iliyokanyagwa hadi ikang'aa inahitaji maelezo ya mwanasheria kabla ya malipo.

Mchangiaji 9

Faragha. Hesabu ni rahisi. Mwanafunzi amesimama ghorofa ya kwanza, macho yake yako mita 4.5 juu ya ardhi, jengo liko mita 10 kutoka ukuta wako wa mita 2.1. Kwa ardhi tambarare, mstari wa macho unashuka sentimita 24 kila mita. Maana yake mtu mzima anayetembea zaidi ya mita 2 kutoka ukutani kichwa chake kinaonekana, na kuanzia karibu mita 9 anaonekana mwili mzima. Kuinua ukuta hakutibu. Pazia la mimea ya mita 4 au kibaraza chenye paa ndiyo tiba.

Mchangiaji 10 (upangishaji)

Kwa mwekezaji naona uzuri zaidi. Walimu na familia zenye watoto wadogo hukaa muda mrefu, na kuhama kwao hufuata kalenda ya shule, kwa hiyo unajua miezi ya kutafuta mpangaji. Tangaza mwezi mmoja kabla ya muhula.

Tahadhari ni mbili. Usilipie bei ya juu kwa sababu ya nafasi ya shule tu. Pale ambapo ukaribu unampa mtoto kipaumbele, masharti hubadilika, na njia ya kupima yaweza kuwa mstari ulionyooka au njia ya miguu, ambazo hutofautiana sana pale geti likiwa upande wa pili. Uliza ofisi ya udahili, kwa maandishi. Pili, nchi nyingi zinazuia baa au uuzaji wa sigara karibu na shule. Anayepanga kugeuza chumba cha mbele kuwa biashara aulize leseni kwanza.

Mchangiaji 6

Na jenereta ya shule?

Mchangiaji 5

Soma kibao chake au karatasi yake ya kiwanda: mara nyingi kelele huandikwa kwa umbali wa mita 7. Ikiandikwa desibeli 75, kwenye mita 14 tegemea 69, kwenye 28 tegemea 63, kama hakuna kizuizi. Angalia bomba la moshi limeelekea wapi. Kuligeuza na kujenga kibanda chenye kuta tatu nzito, uwazi ukielekea uwanjani, ni kazi ya siku chache, na shule nyingi hukubali jirani akichangia tofali. Liombe hilo kabla ya kusaini mkataba, wakati muuzaji naye ana sababu ya kusaidia likubalike.