Tupeane uzoefu: mwigizaji LeVar Burton wa Marekani ulimjua kama nani? Kunta Kinte, fundi wa chombo cha anga mwenye miwani au mzee wa vitabu?

Mkwakwani

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa watu wa enzi za kaseti za VHS, lakini vijana nanyi karibuni, sogezeni viti.

Tanga, Ngamiani, mwaka 1989. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja (tulikuja kupata 1994, Wazanzibari wakitucheka tangu miaka ya 70 na televisheni yao ya rangi). Picha tuliangalia kwa video. Mzee mmoja mtaani kwetu alikuwa na deki na sebule, unaingia kwa shilingi kumi, ndala unaacha mlangoni, watoto mbele kwenye mkeka. Siku hiyo akaweka "Roots". Hakuna aliyeiita hivyo. Kila mtu alisema "ile ya Kunta Kinte".

Mnaikumbuka. Kijana wa Kimandinka wa kijiji cha Juffure, Gambia, anaingia porini kutafuta mti wa kuchongea ngoma, anakamatwa, anavushwa bahari, anauzwa. Halafu ile ya nguzo: mikono imefungwa juu, mjeledi unatembea mgongoni, anaulizwa jina lake. Anajibu Kunta Kinte. Anachapwa. Anaulizwa tena, anajibu lile lile. Mwisho sauti inamtoka kidogo sana: "Toby", jina alilopachikwa na waliomnunua. Sebule nzima kimya, bibi mmoja nyuma anajifuta kwa pindo la kanga. Na hapo hapo skrini ikajaa chenga. Kaseti imekwisha! Mwenye deki akasema ya pili hana, imeazimwa Korogwe.

Haikurudi. Kwa hiyo miaka tisa nzima nilijua yule kijana alikufa. Simsemi Kunta, namsema mwigizaji mwenyewe. Nilikuwa na miaka minane, na damu niliiona kwa macho yangu.

1998 nimeshuka Dar kwa baba mdogo, Upanga, ana dishi. Kwenye runinga kuna chombo cha anga, na fundi mkuu wa chombo ni mtu mweusi kavaa kitu cha rangi ya dhahabu machoni, mfano wa chanuo. Anaongea. Sauti nikaijua. Nikaangalia mdomo. Nikaruka: "Baba mdogo, Kunta yuko hai!" Mpaka leo kwenye harusi za ukoo ananisimulia.

Ndipo nikaanza kumfuatilia. Kazaliwa Landstuhl, Ujerumani Magharibi, tarehe 16 Februari 1957, baba yake akiwa mpigapicha wa jeshi la Marekani. Kakulia Sacramento, California, kwa mama yake, mwalimu. Wakati wa usaili wa Kunta ana miaka 19, mwanafunzi wa chuo, hajawahi kulipwa kwa kuigiza. Kituo cha televisheni cha ABC wakairusha usiku nane mfululizo, Januari 1977, na zaidi ya nusu ya Wamarekani waliiona japo sehemu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, jamani.

Haya, wewe ulimkuta wapi?

Bint_Malindi

Mleta uzi umenitoa machozi na kicheko pamoja.

Mie wa Unguja. Tuliitazama nyumbani na bibi, Mungu amrehemu. Kilichomshika yeye ni mwanzo: mtoto mchanga anatolewa nje usiku, baba yake anamwinua juu kuelekea mbinguni na kumtaja jina. Bibi akauliza, "Hawa Waislamu?" Nikamwambia ndiyo bibi. Basi kuanzia hapo akawa wake. Kila Kunta akitokea, "maskini mwanangu". Nyanya yake mle ndani ni Maya Angelou na mama yake ni Cicely Tyson, lakini bibi aliongea utadhani mama mzazi ni yeye.

Tulipofika kwenye nguzo, bibi akainuka akazima. Hakusema neno. Tulikaa gizani tukisikia feni tu. Baada ya Isha ndipo akasema kwamba nyanya yake aliitwa Sikudhani. Nikamwambia jina zuri. Akasema, "Hilo alipewa hapa. Alilokuja nalo hakuna aliyelishika."

Mimi na umri wangu, na nyumba yetu si mbali na Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa, sikuwa nimeambiwa hayo kabla ya siku ile. Sijui kama Burton anajua kazi yake ilifungua vinywa vya wazee wa huku.

Sina_Haraka

Nawaheshimu wakuu, ila tusisahau kitabu chenyewe cha Alex Haley, ambacho "Roots" ilitolewa humo, kina utata. 1978 alimaliza kesi nje ya mahakama kwa kumlipa mwandishi Harold Courlander dola 650,000, akakiri kuna vifungu vya mwenzake vimeingia mle. Wanahistoria nao wamekichambua, na nasaba ya Haley inayoelezwa mle ikabaki na mashimo.

Bint_Malindi

Sina_Haraka, ni kweli, na ni vizuri umesema. Ila bibi yangu hakuwa anatafuta nasaba ya Haley. Na kama ni nasaba, 2024 Burton mwenyewe alikwenda kwenye kipindi cha PBS, televisheni ya umma ya Marekani, cha kuchimba asili za watu, akakuta mmoja wa babu zake wa zamani ni mzungu aliyepigana upande wa Kusini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, upande wa watumwa kubaki watumwa. Ulimwona uso wake?

Sina_Haraka

Niliuona. Hapo nimenyamaza.

Mseminari_Mstaafu

Mimi nimeingilia mlango mwingine kabisa. Kuna ambalo wengi hamlijui: huyu bwana alikuwa frateri mtarajiwa! Alipofika miaka 13 aliingia seminari ndogo ya Mtakatifu Pio wa Kumi, huko Galt, California, awe padri. Akasoma wanafalsafa, maswali yakazidi majibu, akiwa na miaka 17 akaondoka.

Nimelisoma hilo nikiwa nimekaa kwenye gogo shambani, nikacheka peke yangu. Mimi nimetoka seminari ndogo kidato cha tano, Kanda ya Ziwa, siitaji. Mwaka wangu wa pili Krismasi nilipewa Herode kwenye igizo. Taji la boksi la biskuti, joho ni pazia la bwalo. Nikaamuru watoto wachinjwe kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nyuma ya pazia padri mlezi akanishika bega: "Kijana, umefurahia mno." Sikulala usiku ule. Kwenye kuungama wiki iliyofuata nilijikuta nasimulia igizo, si dhambi.

Burton amewahi kueleza kwamba altare na jukwaa vilimvuta kwa kamba moja. Mimi nilitoka nikawa dalali wa mnada wa mifugo. Usinicheke, mnada nao ni jukwaa.

Mkwakwani

😂😂 Mkuu, Herode kauza ng'ombe.

Fimbo_Nyeupe

Wakuu, naandika kwa programu inayonisomea skrini, mkiona makosa nisameheni.

Nilipoteza kuona mwaka 2006 kwa presha ya macho. Nilikuwa fundi umeme wa mitambo. Pale nilipokuwa nafanya kazi walinipa barua ndani ya miezi miwili, wakaniambia nikapumzike. Nilipumzika miaka minne nikiangalia ukuta nisiouona.

Mpwa wangu alikuwa mgonjwa wa Star Trek, ile tamthilia ya chombo cha anga aliyoisema mleta uzi. Akinikalisha sebuleni ananisimulia kinachoendelea. Siku moja akasema, "Mjomba, fundi mkuu wa chombo hiki ni kipofu." Nikamwambia usinitanie. Akasema kweli, anaitwa Geordi La Forge, anaona kwa kifaa. Nikamuuliza kikoje. Akafikiri, akasema, "Kama lile banio la nywele la shangazi." Tukacheka mpaka shangazi akatoka jikoni. Baadaye nikaja kujua kwamba banio la nywele ndilo lililowapa wabunifu wao wazo.

Sasa hapa pana jambo ninalolipenda sana. Burton ana macho yake mazima. Alipovaa kile kitu kilimziba, akawa anajigonga kwenye mapambo ya studio, na kichwa kilimuuma miaka yote saba, 1987 hadi 1994. Yaani ili aigize kipofu anayeona, ikabidi awe mwenye macho asiyeona. Kwenye filamu ya 1996 ndipo wakamwondolea.

Na mle ndani hakuna anayemwonea huruma. Injini ikiharibika, nahodha anamwita Geordi, basi. Hata jina lenyewe si la kuokota: ni la George La Forge, shabiki wa mfululizo ule wa kwanza, aliyekuwa na maradhi ya misuli, akafariki 1975.

Sijarudi kwenye mitambo mikubwa. Natengeneza redio na pasi, nyumbani, kwa vidole. Waya wa moto naujua kabla hujaniambia.

Mbajuni_Toronto

Fimbo_Nyeupe nakuongezea raha. Kwenye faili la Geordi linaloonekana skrini za chombo, mahali alipozaliwa pameandikwa Mogadishu, Somalia! Sisi Wabajuni wa Kismayu tuliotawanyika duniani tulipoambizana hilo, simu hazikulala. Mjomba wangu alisema kama Mogadishu ya karne ya 24 inatoa mainjinia wa anga, basi yeye anangoja hapo hapo barazani.

Kata_Tena

Mnamsahau dairekta.

Mimi nilianza kama mwigizaji wa tamthilia, Dar, na nafasi zangu zote zilikuwa mlinzi wa geti. Geti la tajiri, geti la hospitali, geti la tajiri mwingine. Siku nisizokuwa na sini nilimwomba dairekta nikae nyuma ya monita. Akasema kaa, usiongee. Nilikaa miezi mitano bila kuongea.

Jambo la kwanza nililolikamata lilikuwa kikombe cha chai. Asubuhi tumepiga sini, kikombe kimejaa, mkono wa kulia. Mchana tukarudia upande wa pili, kikombe nusu, mkono wa kushoto. Hakuna aliyeona. Nilikuwa nimekatazwa kuongea, nikaanza kukohoa. Dairekta akageuka, nikaelekeza kidole. Kesho yake nikapewa daftari la kumbukumbu za sini, na huo ndio ukawa mwisho wa mageti.

Kwenye Star Trek njia ilikuwa hiyo hiyo. Mwenzao Jonathan Frakes alitangulia kuongoza 1990, Burton akafuata 1993 na sehemu iitwayo "Second Chances". Sasa tazameni walichompa mwanafunzi: hadithi ambayo mtu mmoja, Riker, anakutana na nakala yake mwenyewe. Mwigizaji mmoja, Frakes huyo huyo, yuko mara mbili kwenye fremu moja. Kwa wasiojua kazi: kamera ikitikisika umepoteza, mwigizaji anaangalia mahali ambapo mwenzake hayupo, na jicho likikosea urefu kidogo tu mtazamaji anashtuka bila kujua kwa nini. Kazi ya kwanza hiyo! Mimi ya kwanza niliongoza mazungumzo ya watu wawili kwenye sofa, na bado nilivuka mstari, yaani kamera niliipeleka upande usiofaa wa waigizaji.

Halafu akamwalika Mae Jemison aigize kidogo mle. Huyu mama ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, Septemba 1992. Mwanaanga wa kweli kwenye chombo cha mbao! Hapo ndipo nilipojua huyu bwana ana jicho.

Baada ya hapo aliongoza sehemu nyingi za mifululizo iliyofuata, filamu ya runinga kuhusu Tiger Woods 1998, na "Smart House" ya Disney 1999, ile ya nyumba inayojifanya mama. Vijana wa miaka ya 90 wote mmeiona, hamkusoma tu majina mwishoni. Hakuna anayesoma. Someni majina, jamani, kuna watu wanakula hapo.

Mutu_wa_Uvira

Jambo bandugu. Miye niko Ohio, naendesha lori. Tulitoka kambini Nyarugusu 2012, watoto watatu, Kiingereza sifuri.

Mama wa maktaba ya mtaani alitupatia DVD za "Reading Rainbow". Huyu Burton alikiongoza kipindi hicho PBS tangu 1983 mpaka 2006. Anasimulia kitabu, halafu mwisho anawaambia watoto: lakini si lazima mniamini mimi. Na anawaachia watoto wenzao waeleze vitabu wanavyovipenda. Mtoto wangu wa kati alilishika hilo neno. Ukimwambia oga, anasema kwa Kiingereza si lazima nikuamini. Mama yake alitaka kutupa ile DVD.

Baadaye huyu Burton akaanza kusomea wakubwa hadithi kwa podikasti, mwaka 2017. Kabla hajaanza anavuta pumzi, anakuambia nawe vuta. Nikiwa Pennsylvania saa nane ya usiku, teluji inapiga kioo, tunavuta pumzi sisi wawili. Zingine sizielewi zote. Sauti naielewa.

Nairobi_Jioni

Hiyo "Reading Rainbow" ilipozimwa, jamaa alifanya harambee. Kweli! 2014, kwenye mtandao wa Kickstarter, akaomba dola milioni moja airudishe. Milioni ikapatikana siku ya kwanza tu. Ilipofungwa ilikuwa imepita milioni tano, wachangaji zaidi ya laki moja. Hapa kwetu mwenyekiti wa kamati angeshaanza kujenga ghorofa.

Mkwakwani

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Swali moja tu la kishamba. Kuna mwenye kaseti zilizobaki za "Roots"? Nataka kumwona Burton anavyomaliza. Miaka yote hii sijaenda mbele ya ile nguzo.

Kata_Tena

Hutamwona, mkuu. Sehemu ya Burton inaishia pale pale. Kuanzia sehemu ya tatu Kunta ni mtu mzima na anaigizwa na John Amos, aliyefariki 2024.

Mkwakwani

Unasema hata ile ya Korogwe ingerudi asingekuwemo?

Kata_Tena

Asingekuwemo.

Mkwakwani

Ngoja nimpigie baba mdogo.