Ukoo wa Utete (kikundi cha familia)

Juma, Houston: Shikamooni wakubwa. Kesho naenda kuvua na jamaa zangu East Galveston Bay, upande wa Anahuac. Hatuna boti, tunaingia kwa miguu, maji ya kiunoni, ufito mkononi.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Huko Anahuac Zaituni ananiambia kuna mamba??

Zaituni, Dar: Shangazi si mimi, wenyewe wanajitangaza. Mji unajiita makao makuu ya aligeta Texas, hao jamaa wa mamba, na kila Septemba wanawafanyia tamasha 😂

Juma: Aligeta si mamba wa Rufiji jamani. Dume la kawaida halifiki hata mita 4, na akiona mtu mzima mara nyingi anakimbia. Halafu ghuba ni maji ya chumvi. Mamba ana tezi za kutoa chumvi kwenye ulimi, za aligeta hazifanyi kazi hiyo vizuri. Hawezi kukaa humo siku nyingi.

Mjomba Salum, Utete: Siku nyingi hawezi. Saa mbili tatu je?

Juma: Hizo anaweza.

Mjomba Salum: Haya.

Mjomba Salum: Na huko mvua zimenyesha?

Juma: Wiki nzima mjomba.

Mjomba Salum: Sasa chumvi yako iko wapi? Mto ukijaa, maji matamu yanasukuma ya bahari, na vilivyomo mtoni vinashuka nayo. Hapo Anahuac pana mto?

Zaituni: Upo, Trinity. Unamwaga palepale jirani 🙈

Juma: ...

Mjomba Salum: Ukishapata samaki unamweka wapi?

Juma: Kwenye mtungo, nafunga kiunoni.

Mjomba Salum: Kiunoni! Juma, mamba hana ugomvi na miguu yako. Anasikia samaki anavyopigapiga maji, ananusa damu, anafuata. Wewe umejifunga kitoweo chake tumboni halafu unasema ni mwoga. Atakuja kwa samaki, akukute wewe.

Juma: Wazoefu wa huku wana kamba ndefu, mita 4 au 5, samaki wanaelea nyuma mbali. Wengine wanaburuta kikapu kilichozungushiwa boya. Wao hasa wanakwepa papa.

Mjomba Salum: Papa pia wapo. Sawa. Urefu mzuri, ila fundo ndilo nataka kujua. Usikaze. Piga kitanzi cha kuvuta mara moja kikaachia. Akishika, mwachie vyote, mtungo na samaki. Usivutane naye.

Dada Neema, Houston: Mimi kama nesi naogopa kidonda kuliko hao aligeta. Kuna bakteria anaitwa Vibrio, anapenda maji ya chumvi yenye joto, anaingia hata kwenye mkwaruzo. Ukiwa na kidonda kibichi, au ni mgonjwa wa ini, usiingie kabisa. Vaa viatu vigumu. Na usinyanyue miguu, buruza, usije ukakanyaga samaki taa.

Mjomba Salum: Hapo kwenye taa umesema kweli binti. Ukiburuza anakusikia anaondoka. Mwiba wake haukusamehe.

Shangazi Mwajuma: Mnaingia saa ngapi?

Juma: Alfajiri, kabla hakujapambazuka. Samaki ndiyo wanakula.

Zaituni: Na wao ndiyo wanakula 😭 Aligeta huwinda zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Tena huu mwezi wa Mei, wanapandana, madume yanatangatanga.

Shangazi Mwajuma: Juma hauingii gizani. Nimemaliza.

Juma: Sawa shangazi, jua likitoka.

Dada Neema: Na usivulie karibu na gati wanapoparua samaki na kutupa matumbo majini. Aligeta wa hapo wameshazoea kwamba mtu maana yake chakula. Ndiyo maana kuwalisha ni kosa kisheria.

Juma: Basi tunahama. Tutakwenda kisiwani Galveston, West Bay, mbali na mdomo wa mto. Hata huko huonekana mmoja mmoja, ila maji yana chumvi kweli.

Dada Neema: West Bay sawa, lakini msisogee San Luis Pass. Mkondo wa pale umezamisha watu wengi, hauhitaji mamba.

Juma: Hatufiki huko dada.

Shangazi Mwajuma: Na mtaleta samaki wangapi?

Juma: Wale wekundu wenye doa jeusi mkiani, sheria ni watatu kwa mtu kwa siku. Na wawe inchi 20 mpaka 28. Mdogo unarudisha, mkubwa kwa kawaida unarudisha.

Shangazi Mwajuma: WATATU? Purukushani yote hii kwa samaki watatu? Huko hakuna soko?

Zaituni: 😂😂😂

Juma: Ni starehe shangazi.

Mjomba Salum: Nitumie picha ya hilo fundo kabla hujalowa.