Je, kusita kuitikia wito kwa sababu ya riziki ya watoto ni upungufu wa imani?

Mhudumu wa Kiwengwa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mimi ni mhudumu wa chakula katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, na huu ni mwaka wangu wa 11 katika kazi hiyo. Mwezi uliopita padri aliniita baada ya misa akaniambia kwamba Weti, kisiwani Pemba, kuna mtaa mdogo wa Wakristo, wengi wao watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliotoka bara, usio na katekista, na kwamba jina lililotajwa ni langu. Wito huu si mgeni kwangu. Nimekuwa nikiusikia tangu nilipopata kipaimara, na kila mara nimeuahirisha: mara nipaue nyumba kwanza, mara mtoto amalize skuli kwanza.

Posho yenyewe haifiki robo ya mshahara wangu, na bakshishi sijaihesabu. Nina watoto watatu, mama mzee Muheza anayenitegemea, na deni la mabati ambalo halijesha. Nikisoma Mathayo 6, pale Bwana anaposema, "Msisumbukie maisha yenu, mle nini au mnywe nini", naona haya. Lakini nikishafunga kitabu huanza kuhesabu upya, na hesabu haikubali. Mke wangu amesema neno moja tu, "Wewe ndiye uliyeitwa", nami sijui kama huko ni kuridhia au ni kususa. Naomba mnisaidie: kusita kwangu ni kutoamini, au ni wajibu wa baba mwenye nyumba?

Mtumishi, Mwanakwerekwe

Ndugu yangu, Petro na Andrea waliziacha nyavu papo hapo, na mjane wa Sarepta alimwandalia Eliya kwanza akiwa amebakiwa na konzi moja ya unga, na pipa halikupunguka. Ungengoja hesabu ikubali usingeitwa na Mungu, ungeitwa na hesabu. Panda boti uende.

Dada wa Mkunazini

Kaka, namheshimu aliyetangulia, ila naomba nisikubaliane naye katika jambo moja. Mjane wa Sarepta alikuwa na neno la nabii lililomwahidi waziwazi kwamba unga hautakwisha mpaka siku ya mvua. Wewe hukuahidiwa hivyo, umeombwa tu. Na yule yule Petro alikuwa na mama mkwe nyumbani, ambaye Bwana aliingia akamponya, kwa hiyo sioni kwamba kuziacha nyavu kulikuwa kuwasahau watu wa nyumbani.

Tulitazame neno lenyewe. Bwana hakusema msipange, alisema msisumbukie. Anayesumbuka ni yule anayeihesabu fedha ile ile mara saba usiku, na kukikucha hajaamua lolote. Katika Kutoka 16, Waisraeli walikatazwa kuiweka mana mpaka asubuhi, na waliokaidi iliwaozea na kuingia mabuu. Lakini siku ya sita walitakiwa kuokota maradufu kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza. Aliyekataza akiba ndiye aliyeiamuru. Kilichobadilika ni agizo lake, chakula ni kile kile.

Paulo naye huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Priskila, na Sila na Timotheo walipowasili kutoka Makedonia ndipo alipojifunga kabisa kwa neno. Hatusomi mahali popote kwamba alipokuwa na sindano mkononi wito wake ulikuwa umelala.

Jambo ninaloona limekupita, na nasema hili nikisali kila Jumapili pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ni kwamba mtu haitwi peke yake, hutumwa na Kanisa. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni na ambaye mwaka 1890 alipewa upadri hapa Unguja, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni yetu ya Kianglikana, UMCA, alitumika Chitangali, kusini mwa bara, mbali na watu waliomlea. Lakini nyuma yake palikuwa na misheni iliyokuwa imemsomesha na kumtuma. Basi nenda kwa padri ukamuulize, bila kuona haya: posho inalipwa tarehe ngapi, nani anaitoa, na ikichelewa nani atajibu? Katika 1 Wakorintho 9 imeandikwa kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Hilo ni agizo la Bwana kwa wanaotuma pia, nao mara nyingi hulisahau, wakakusomea habari za ndege wa angani. (Ndege wenyewe, wanangu wakiniuliza, huamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kutafuta.)

Na mke wako muulize tena. Neno moja si jibu.

Katekista mstaafu, Chake Chake

Mwanangu, mimi nilishuka bandari ya Mkoani na sanduku moja la mbao, mke, na mtoto wa miezi minane. Posho haikuja kwa miezi minne. Sitasema ilikwama wapi, kwa kuwa yamekwisha. Katika miezi hiyo nilikuwa nikihubiri juu ya maua ya kondeni huku nimemkasirikia Mungu, na nadhani wasikilizaji walijua.

Msimu wa karafuu ulipofika, jirani yetu, bibi mmoja Muislamu, aliniita barazani kwake kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, kwa malipo. Niliona ni kujishusha kwa mtu wa madhabahu. Mke wangu aliniambia, nikubali au alale njaa na mtoto wake. Nikaenda, na katika wiki zile nilifahamiana na watu wengi kuliko nilivyofahamiana nao kwa mwaka mzima wa kuvaa kanzu.

Ramadhani ilipoingia, bibi yule alituletea futari, sahani ya muhogo wa nazi iliyofunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili. Ustaarabu wa huku ni kwamba sahani hairudi tupu, nasi hatukuwa na kitu. Mke wangu alizunguka nyuma ya nyumba akachuma ndimu sita, akazipanga katika sahani ile, akarudisha kawa juu yake kwa uangalifu kana kwamba ni pilau. Naiona mpaka leo. Mkate haukushuka kutoka mbinguni, na wala hatukulala njaa.

Kwa hiyo usije hapa ukitafuta muujiza, wala usibaki huko kwa kuwa umekosa uhakika wa muujiza. Hofu utakuja nayo. Mimi nilikuja nayo, na kwa miaka mingi iliishi nasi kama mpangaji.

Mhudumu wa Kiwengwa

Nawashukuru nyote. Jana usiku nilimsomea mke wangu majibu haya kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakususa, anasema alikuwa akingoja nimuulize kama mtu anayehitaji jibu. Jumamosi tutakwenda kwa padri pamoja, na maswali ya posho yameandikwa kwa mwandiko wake. Ameongeza lake moja ambalo mimi sikulifikiria: je, katika nyumba ile ya Weti kuna maji?

Katekista mstaafu, Chake Chake

Kisima kipo uani, mwanangu. Kamba na ndoo mje nazo.