Tupeane uzoefu: ukitoka na kasuku Dar, watu unawamudu vipi?

Babu Kishungi (Tabata)

Wakuu, heshima kwenu.

Huu uzi ni wa wafuga kasuku, cherero (wale kasuku wadogo, lovebird), kokateli na jamii yao yote, hasa sisi tusiowafungia ndani mwaka mzima. Wa kwangu ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, nimemrithi kwa shangazi yangu. Ndege hawa wakitunzwa vizuri wanavuka miaka 40, kwa hiyo kurithishana si jambo la ajabu.

Kumfuga hakunisumbui. Kazi inaanza geti likishafunguka. Dar huwezi kupita na ndege begani ukafika unakokwenda kwa wakati. Muuza madafu atakuita, bodaboda atapunguza mwendo, mtoto atachomoka mkononi mwa mama yake. Maswali mnayajua: Anaongea? Bei gani? Anakula ugali? Halafu watatokea wawili, mmoja anamfundisha kusema Simba, mwenzake Yanga, na ndege mwenyewe wala hana habari nao, anajikuna kichwa.

Msimamo wangu ni huu: anayeuliza simhofii, hata aulize mpaka iwe kero. Ninayemhofia ni anayenyoosha kidole kimyakimya. Kwa hiyo mtu akisogea nawahi mimi kuanza: "Shikamoo mzee, huyu anauma, ila ukimpigia mluzi anajibu." Akishaanza kupiga mluzi, mikono inatulia yenyewe. Mpe mtu kazi ya mdomo na hutakuwa na ugomvi naye.

Nyie mnafanyaje? Karibuni, ila visa viwe vyenu, si vya kuokota.

Mama Zuu (Sinza)

Asante Babu kwa uzi. Mimi humpeleka wa kwangu kwa dada yangu mjini, na kwa kuwa sina gari, ni daladala. Namtia kwenye tundu dogo, nafunika kwa kitenge, nampakata. Abiria hawajui nimebeba nini. Sasa mjue kwamba dirisha la sebule yetu linatazama kituo, huyu ndege amekulia kwenye kelele za makonda.

Siku hiyo tumeshapita Makumbusho, gari limejaa, watu wanasinzia kwa joto. Chini ya kitenge ikatoka sauti nene: "Shusha hapo!" Dereva akakanyaga breki. Konda akauliza nani anashuka. Kimya. Gari likaondoka. Hatujaenda mbali: "Shusha!" Breki tena. Hapo watu wakawaka. Lawama zote zikamwangukia mzee wa kanzu aliyekaa ubavuni kwangu, maana sauti imetoka upande wetu. Mzee anaapa kwa Mungu hajafungua kinywa. Nikaona mtu mzima anadhalilika bure, nikainua pembe ya kitenge. Ndege akamkazia macho yule mzee, akamwambia, "Shikamoo." Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu," kabla hajatambua anamwitikia nani.

Tangu hapo mpaka Posta ni kicheko na maswali. Wakaniomba nimtoe kidogo tu wamwone, nikakataa. Ndani ya daladala simtoi hata nibembelezwe vipi, madirisha yako wazi na watu wamebanana.

Halafu kuna hili la chakula. Dada mmoja wa kiti cha nyuma akapitisha kipande cha parachichi, kwa moyo safi kabisa. Nikakipokea, nikamshukuru, nikakitia kwenye mkoba. Parachichi ni sumu kwa kasuku, linaweza kumuua, na chokoleti na kahawa vilevile si vyakula vyake. Lakini ukimrudishia mtu chakula mbele za watu utaonekana una maringo. Pokea, ukamalizane nacho nyumbani.

Kijana wa Pantoni (Kigamboni)

Mama Zuu umeniua mbavu.

Mimi kivuko ndiyo njia yangu. Pale kwenye pantoni watu wamesimama hawana la kufanya, ukiingia na kasuku wewe ndiye burudani ya siku. Maswali ya kawaida nimeyazoea. Kuna mshikaji mmoja yeye alininong'oneza pembeni: nimwambie ndege atoe timu za mkeka wa jioni. Hakuwa anatania. Nikamwambia huyu anajua kusema "hodi" na kuiga mlio wa simu, mambo ya mpira hana. Akasema, "Kaka, unamficha." Na upande wa pili mama mmoja alishaanza kujitenga, anawaambia wenzake ndege anayesema kama mtu si ndege tu. Huyo simbishii. Namwacha na nafasi yake, nami nabaki na yangu.

Ila niseme ukweli, watu si tatizo langu kubwa. Kunguru ndio wananinyima raha! Pale soko la samaki wamejaa, na wakiona ndege wasiyemjua wanaitana. Hawa si wenyeji, ni kunguru wa India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakasambaa pwani yote. Mara moja walinizunguka pale nje ya soko, wanashuka mmoja mmoja kumdonoa. Nilikuwa na kamba ya kifuani na tundu mkononi, ila mlango wa tundu ulikuwa umekwama. Walioniokoa ni walewale wenye maswali. Mmoja alivua fulana akaipunga hewani, mchuuzi wa samaki akaja na ndoo tupu anaigonga. Mpaka nimemtia ndege ndani, wako pale. Kisha wakauliza: "Anaongea?"

Nikawasikilizisha "hodi" yake, tukaachana.

Binti Upanga

Nyie mnasimulia kicheko, na sisi mabinti tuna yetu. Mimi nina kokateli, yule wa mashavu mekundu na kishungi. Nikitoka naye jioni, nusu ya wanaosogea hawana haja na ndege. "Dada, ndege wako mzuri. Anaitwa nani? Na wewe je?" Ndege amekuwa kisingizio.

Dawa niliyoigundua ni kujibu maswali ya ndege tu, tena kwa kirefu. Akiniuliza jina langu, namweleza kokateli asili yake ni Australia. Akiomba namba, namweleza anavyobadilisha manyoya. Wengi hawafiki kwenye somo la mtama anaokula. Anayefika, basi kweli anapenda ndege, na huyo tunaongea vizuri.

Picha je? Napenda mtu aombe. Wanaojifanya wanaongea na simu huku kamera imenielekea, nageuza mgongo, na ndege yuko upande wa pili wa bega. Wapige mgongo wangu.

Kijiwe cha Kahawa (Mwananyamala)

Kuhusu vidole. Mtaani kwetu nilishamwambia kijana mmoja mbele ya watu, "Usimguse, anauma." Akajibu yeye kafuga njiwa tangu utoto. Akapeleka kidole mdomoni mwa ndege. Mdomo ule unapasua kokwa ngumu, ndugu zangu. Kidole kikatoa damu, kijana akataka hela ya matibabu na ya usumbufu.

Kesi ikasikilizwa palepale kwenye kahawa. Wazee wakauliza aliambiwa au hakuambiwa. Mashahidi wakasema aliambiwa. Wazee wakaamua ninunue spiriti na bandeji, basi, usumbufu aupeleke kwa njiwa wake. Nikanunua, kidole kikafungwa, tukanywa kahawa pamoja.

Kwa wasiojua dalili: mtazameni macho. Mboni ya kasuku ikianza kutanuka na kubana haraka haraka, na manyoya ya shingo yakisimama, ujue amepanda, kwa furaha au kwa hasira. Mtu mgeni hawezi kutofautisha, kwa hiyo kwa mgeni zote mbili ni hatari. Mimi nikiona hivyo nasema, "Samahanini, amechoka," naondoka. Watu wanaelewa kuchoka kuliko wanavyoelewa kukatazwa.

Ngoja Niulize

Kwani lazima utoke naye? Mwacheni ndege akae zake nyumbani, muepuke yote haya.

Babu Kishungi

Swali zuri, mkuu. Anahitaji jua. Mwanga wa jua ndio unaomsaidia kutengeneza vitamini D, bila hiyo kalsiamu haishiki mwilini, na kasuku wa kijivu ndio wanaosumbuliwa zaidi na upungufu wa kalsiamu. Na kumweka nyuma ya kioo cha dirisha hakutoshi, kioo kinazuia ile miale yenyewe. Mwenye ua au baraza lenye wavu anaweza kumalizia hapo. Sisi wa vyumba viwili vya kupanga tunatoka. Pia ni ndege mwenye akili, akikaa bila shughuli anaanza kujinyonyoa manyoya.

Mpita Njia

Jamani, mimi sifugi hata kuku. Mimi ndiye huyo anayewauliza bei.

Niwaambie tunavyowaona. Mtu anapita Kariakoo kwenye jua la saa saba, kagombana na bosi, nauli haimtoshi, mara anaona ndege wa kijivu kakaa begani kwa mtu kama kalipa kodi. Atapita kimya kweli? Bei tunauliza kwa sababu hatujui tuanze na nini. Hakuna anayekuja kununua. Ukinijibu "huyu hauzwi, ni wa familia, na anaongea akitaka mwenyewe," mimi nimeridhika, naenda zangu, na jioni nyumbani nina habari. Ukininunia ndipo nitakufuata mpaka kituoni.

Karani Mstaafu (Mbezi)

Mpita Njia kasema kweli tupu.

Naongeza swali moja ambalo msilichukie: "Mmempata wapi?" Mimi niliulizwa na bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa ofisa, tena kwa upole. Kasuku wa kijivu asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na porini amewindwa mno kwa biashara. Mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimpandisha Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha yenye ulinzi mkali zaidi, na tangu Januari 2017 kusafirisha kwa biashara waliokamatwa porini kutoka nchi moja hadi nyingine kumepigwa marufuku. Cherero nao msiwachukulie poa. Yule wa Fischer asili yake ni hapa hapa kwetu, maeneo ya Serengeti na kusini ya Ziwa Victoria. Ukikuta anauzwa barabarani kwenye tundu lililosongamana, uliza katoka wapi kabla hujatoa hela. Tuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na wa kuwaendea kwa mambo ya vibali ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Mimi natembea na nakala ya karatasi zangu, za asili ziko nyumbani. Yule bwana alizisoma, akanirudishia. Kisha, si mnajua, akauliza kama ndege anaongea. Nikamwambia ajaribu kumsalimia. Ndege alikataa kabisa kufungua mdomo mpaka ofisa alipopanda gari, ndipo akasema, "Karibu tena."

Mama Zuu (Sinza)

Huyo ndege wako ana kiburi, Karani.

Babu, hivi tukiamua kukutana Coco Beach Jumapili, wote na ndege wetu, itakuwaje? Nina hamu ya kuwaona.

Babu Kishungi

Mama Zuu, wazo zuri, ila si jioni. Jioni pale ni spika, watu na moshi wa mishikaki, hatutasikilizana. Tuje saa moja asubuhi, jua likiwa la upole. Kila ndege na kamba yake ya kifuani, hata aliyepunguzwa mbawa. Upepo wa bahari ukimnyanyua atavuka barabara na kutua Oysterbay kwa watu tusiowajua, halafu uanze kugonga mageti kuomba ndege wako. Matundu tuyaweke kivulini, mbali na kunguru. Watu watatujia tu, kwa hiyo Binti Upanga utasimama mbele kujibu maswali, mimi nitakaa nyuma kuangalia vidole. Kijana wa Pantoni, njoo na ile fulana.

Na atakayenunua karanga za chumvi ale mwenyewe, ndege wasipewe.