Tupeane uzoefu: mwalimu au profesa aliyekiona kipaji chako kabla hujakiona mwenyewe

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii tumemzika profesa wetu wa saikolojia ya elimu, aliyekuwa akitufundisha somo la watoto wenye vipaji. Jina nalihifadhi kwa sababu familia bado iko msibani. Waliopita mikononi mwake watamjua tu.

Siku ya kwanza aliingia na ndala moja, ya kushoto, mkanda umekatika. Akaiweka mezani. "Mna dakika tano. Andikeni kazi zake." Darasa lote watu wazima, wengine walimu wa muda mrefu, tukaambulia kuua mende na kuchapa watoto. Kisha akachomoa karatasi za watoto wa darasa la tatu akatusomea: tairi za gari la waya, boya la wavu, kifutio cha ubao, kitu cha kuweka chini ya mlango usijibamize, muhuri wa kuchonga. Watu kimya!

Ndipo akatuletea Torrance, yule Mmarekani aliyetoa majaribio yake ya ubunifu mwaka 1966. Humo mtoto anapewa kitu cha kawaida kama kopo tupu au boksi, anaulizwa kinaweza kufanya nini kingine. Ndala aliiongeza Prof mwenyewe.

Halafu maduara matatu ya Renzulli, Mmarekani mwingine mtaalamu wa watoto wenye vipaji, ya mwaka 1978: uwezo unaozidi wa kawaida, ubunifu, na kung'ang'ania kazi mpaka iishe. Kipaji kinachipuka pale maduara yanapokutana. Hilo la tatu ndilo alilokuwa analigonga ubaoni mpaka chaki inavunjika. "Mtoto anakesha na redio mbovu, ninyi mnamwita mtundu!"

Kazi yake ya nyumbani ilikuwa moja kila mwaka: nenda shule ya msingi yoyote, kaa dawati la nyuma, uniletee mtoto ambaye mwalimu wake hana neno zuri juu yake, uniambie anaweza nini. Ukirudi na jibu la "hana kitu", anakwambia "rudi."

Nawe ulikuwa na mtu wa namna hii? Hata kama ni mwalimu wa darasa la pili, mwaga hapa.

Penseli HB

Nimemjua hata bila jina. Alinisimamia tasnifu. Wenzangu walirudishiwa kazi zao kwa wasimamizi wengine zimejaa wino mwekundu kama zimechinjiwa kuku, yeye alitumia penseli tu. Nikamuuliza. Akasema, "Ili ukinishinda kwa hoja, ufute mwenyewe." Sura ya tatu nilifuta maoni yake mawili mbele yake, na ufutio akaniazima yeye. Ofisini kwake kulikuwa na chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, ukifika na njaa huanzi kusomewa makosa kabla hujala. Mungu amrehemu.

Binti Msalato

Wangu hakuwa profesa. Nilitoka shule yetu ya kijijini nikiwa wa kwanza tangu darasa la kwanza, nikachaguliwa shule ya vipaji maalum, Msalato, ya wasichana kule Dodoma. Muhula wa kwanza nikajikuta mkiani. Jamani, kule kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao! Nililia, nikaandika barua nyumbani nihamishwe.

Mwalimu wa hisabati hakunipa pole. Aliniita baada ya prepu, akafungua daftari langu, akaniuliza swali moja nilifikaje kwenye jibu. Jibu lenyewe lilikuwa sahihi lakini njia haikuwa ile ya ubaoni, na msahihishaji alikuwa amenipa sifuri. Akaniambia kesho utasimama uwaoneshe wenzako. Nilisimama natetemeka, chaki inateleza kwa jasho. Kuanzia hapo kila tukimaliza mada ananipa maswali ya kidato cha juu, ila kwa sharti: ukilipata, umfundishe mtu mmoja bwenini. Leo nafanya kazi ya takwimu. Nafasi ya kwanza sikuirudia tena na wala sikuitamani.

Tabora Reli

Mimi nitakwenda kinyume kidogo, mnisamehe wenye msiba. Hizo shule za vipaji maalum, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na nyingine, zilichukua waliofaulu mtihani wa darasa la saba. Mtihani unapima duara moja katika hayo matatu ya mleta mada. Rafiki yangu alitengeneza jenereta kwa dainamo ya baiskeli tukiwa darasa la sita. Kiswahili kikamwangusha, akaishia kuchoma mkaa. Nani alimwona huyo?

Mleta mada

@Tabora Reli, hapo ungekaa na Prof mpaka usiku. Alipenda kututajia utafiti wa Getzels na Jackson wa Chicago, mwaka 1962: walimu walipendelea wanafunzi wenye IQ kubwa (alama za juu kwenye majaribio ya akili) kuliko wabunifu, na huku kwenye masomo makundi yote mawili yalikuwa yanafanya vizuri. Mbunifu anachosha, anauliza sana. Nadhani ndiyo maana alitutuma dawati la nyuma.

Kijana wa Kisauni

Huku Kenya sisi tuliopita Starehe, shule ya wavulana Nairobi, tuna marehemu Geoffrey Griffin. Si mtaalamu wa vipaji wa vitabuni, lakini kituo kilianza mwaka 1959 na mabanda mawili ya mabati, yeye na wenzake Geturo na Gikubu, wakichukua watoto wa mtaani Nairobi. Akakiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005. Kilichonijenga mimi ni baraza: mwanafunzi anasimama mbele ya shule nzima na kuuliza jambo lolote, hata chakula, na lazima ajibiwe. Mtoto wa Kisauni niliyekuwa naogopa hata kumsalimu mwalimu!

MamaPacha

Naombeni ushauri, mada imenigusa. Pacha wangu mmoja yuko darasa la tatu. Anamaliza hesabu kabla ya wenzake halafu anaanza kusumbua, mara anafunga kamba za viatu vya jirani, mara anaimba. Kila wiki naitwa shule. Nimhamishe?

Mleta mada

Dada, usimhamishe kwanza. Kuna njia ya Renzulli ambayo Prof alitufundisha na nimeitumia darasani kwangu. Kabla ya kuanza mada mpya, mwalimu anampa mtoto jaribio dogo la mada hiyo. Anayoyajua yanarukwa. Muda uliobaki anapewa kazi yake mwenyewe anayoipenda, yenye kitu cha kuonesha mwishoni: ramani ya mtaa, bei za sokoni za mwezi mzima, chochote. Sio kumwongezea maswali ishirini ya aina ileile, hiyo ni adhabu na atajifunza kujichelewesha. Ongea na mwalimu kwa upole, darasa lake huenda lina watoto wengi. Na huyo pacha mwingine naye mtazame.

MamaPacha

Nimeongea naye leo asubuhi. Amekubali kujaribu kwenye mada ya hesabu za sehemu, zile za nusu na robo. Ila kasema daftari la hiyo kazi nyingine nitanunua mimi, na liwe kubwa, kwa sababu mtoto amechagua kuhesabu bodaboda zinazopita getini.