Krita, Procreate au Clip Studio Paint: ipi inafaa kikundi kinachokosoana kazi?

Wino Mweusi (mleta mada)
Wenzangu, tuko wachoraji saba tunaokosoana kazi kila wiki, na kila mmoja ana programu yake ya kuchorea kidijitali. Wiki iliyopita mwenzetu alitumiwa mchoro wenye tabaka (layers, yaani sehemu za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine) ishirini na mbili, lakini ulimfikia ukiwa umebanwa kuwa picha moja, akashindwa kutuonyesha ni wapi kivuli cha shingo kilipoanza kupotoka. Naomba ulinganisho usiohusu uzuri wa brashi, bali namna programu hizi zinavyotusaidia kufundishana.

Brashi Pana
Mleta mada, mimi nasimama na Krita. Ni programu huria isiyo na malipo, tena inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, hivyo wengi wenu hamtaachwa nje kwa sababu ya kifaa. Mchoraji David Revoy hutoa katuni yake ya mtandaoni, Pepper&Carrot, pamoja na faili zake za Krita chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kuitumia kazi hiyo; ukizima tabaka moja baada ya jingine unaiona kazi ikirudi nyuma hadi kwenye rasimu, jambo ambalo picha iliyokamilika haiwezi kukufundisha.

Kiganja
Nakubaliana na ndugu Brashi Pana kuhusu vifaa, kwa kuwa Procreate haitoki nje ya iPad na iPhone. Hata hivyo, Procreate hurekodi uchoraji wenyewe na kuutoa kama video, na hilo kwangu lina uzito mkubwa. Mwanafunzi wangu alishikilia kwamba brashi ndiyo iliyomharibia mkono aliouchora. Tulipotazama video tukaona amefuta vidole mara tisa bila kugusa kiganja, na kosa lilikuwa kwenye kiganja. Faili yenye tabaka isingetuonyesha alichokifuta.

Rasimu ya Tatu
Clip Studio Paint msiipuuze. Ina hazina ambamo watumiaji hupeana brashi na vifaa vya kuchorea, vingi bila malipo. Zaidi ya hapo, mwishoni mwa 2022 kampuni ya Celsys inayoitengeneza ilitangaza kuongeza zana ya kuzalisha picha kwa akili mnemba, watumiaji wakalalamika, na mwanzoni mwa Desemba ikaachana na mpango huo. Mimi nathamini sana chombo ambacho wachoraji wake wakisema husikilizwa.

Kuhusu faili, zote tatu husoma na kuhifadhi PSD, aina ya faili ya Photoshop inayotunza tabaka, kwa hiyo tabaka zenu zitasafiri, ingawa baadhi ya athari maalumu zinaweza kubadilika njiani. Mkitaka kuchora kwenye turubai moja kwa wakati mmoja, jaribuni Drawpile, ambayo nayo ni huria.

Wino Mweusi
Nashukuruni sana. Kila mtu atabaki na programu yake, tutapeana PSD, na wenye Procreate wataambatisha video. Mchoro wa kwanza utakuwa ule wa shingo, safari hii ukiwa na tabaka zake zote.